Nani kabeba alama? Mwongozo wa miisho ya vivumishi na nomino za Kijerumani

Soma kwa sauti: "Vitabu vyangu vipya vile viwili vimepotea." Maneno sita, na kila moja limevaa sare ya KI-VI, kuanzia nomino mpaka kitenzi. Huenda hakuna aliyekufundisha hilo ubaoni. Uliling'amua kwa kuchekwa na wenzako ulipokosea utotoni. Kwa hiyo usimwamini anayekuambia kwamba upatanisho wa Kijerumani ni kitu ambacho kichwa cha Mswahili hakijawahi kukiona. Kimekiona, tena kikubwa zaidi: wao wana jinsia tatu, sisi tuna ngeli kibao.

Kinachotuangusha ni tabia yetu ya ukarimu. Sisi alama tunaigawa kwa kila aliyepo kwenye sentensi. Mjerumani ni bahili. Kwake alama inayoonyesha jinsia na hali ya nomino (yaani kazi yake kwenye sentensi) inabebwa na neno moja lililo mbele ya nomino, na likishaibeba, kivumishi kinachofuata kinavaa kitu chepesi tu, kama mtu aliye nyumbani kwake. Ndiyo maana wanafunzi wangu huandika "der guter Mann". Wameona r kwenye der, wakaona haya kumnyima mwenzake, wakampa na kivumishi r yake, kama tunavyosema "kitabu kile kizuri". Sahihi ni der gute Mann. Alama ishabebwa.

Nafundisha Kijerumani jioni, na wengi wa wanafunzi wangu ni wauguzi wanaojiandaa kwenda kufanya kazi Ujerumani, kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka wodini. Tutatembea na sentensi moja: "Ninampelekea mgonjwa mzee taulo safi." Kwa Kijerumani: Ich bringe dem alten Patienten ein sauberes Handtuch. Kwa nini alten iwe na -en, sauberes iwe na -es, na hata Patient aongezewe -en? Ukimaliza mwongozo huu uwe unaweza kumjibu mtu bila kufungua daftari.

Hatua ya 1: Usiandike nomino bila artikeli yake

Artikeli ni lile neno dogo linalotangulia nomino, na kila nomino ina jinsia: ya kiume (der), ya kike (die) au ya kati (das). Usiitafute kwenye maana. Kitanda ni das Bett, bendeji ni der Verband, sindano ni die Spritze, na hakuna aliye dume wala jike hapo. Ichukulie jinsia kama ngeli: huulizi kwa nini kiti kiko KI-VI na meza iko I-ZI, unajua tu.

Kwa hiyo daftari lako la msamiati lisiwe na "Bett = kitanda". Liwe na "das Bett, die Betten". Ukikosa jinsia hapa, hatua zote zinazofuata zitakuwa sahihi kwa nomino isiyokuwepo.

Mambo machache yanapunguza mzigo. Nomino zinazoishia na -ung, -heit, -keit, -schaft, -tion na -tät ni za kike: die Untersuchung (uchunguzi), die Krankheit (ugonjwa), die Schwangerschaft (ujauzito), die Operation. Zinazoishia na -chen ni za kati, na ndiyo sababu msichana ni das Mädchen. Siku, miezi na majira ya mwaka ni ya kiume. Na neno likiunganishwa, jinsia inaamuliwa na kipande cha mwisho: das Haus ni ya kati, basi das Krankenhaus, der Wagen ni ya kiume, basi der Krankenwagen. Kijerumani kinapenda maneno marefu kama treni, lakini behewa la mwisho ndilo linalokuambia treni ni ya nani.

(Tuna maneno mawili tuliyoyapokea kutoka kwao. Shule ni die Schule, na hela ni der Heller, ile sarafu iliyoingizwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, 100 zikifanya rupia moja. Tulipoyapokea hatukuchukua jinsia zake. Tuliyatia kwenye ngeli zetu, tukaendelea na safari.)

Hatua ya 2: Jua nomino inafanya kazi gani kwenye sentensi

Kijerumani kina hali nne: nominativi, akusativi, dativi na genitivi. Majina yanatisha, lakini uliyasoma sekondari kwa majina mengine.

Nominativi ni kiima, anayetenda. Akusativi ni yambwa tendwa. Ukiwa umesomea Kenya, ni shamirisho kipozi. Dativi ni yambwa tendewa, yaani shamirisho kitondo. Kwenye sentensi yetu, ich ndiye mtenda, taulo ndilo linalopelekwa, kwa hiyo ni akusativi, na mgonjwa ndiye anayepelekewa, kwa hiyo ni dativi. Kauli ya kutendea inakusaidia sana hapa: ukisikia -ia au -ea, nimemnunulia, nimemletea, nimemwandikia, yule anayetendewa mara nyingi ni dativi kwa Mjerumani.

Mara nyingi, si mara zote. "Kumpigia simu daktari" kuna -ia kabisa, lakini Kijerumani kinasema den Arzt anrufen, akusativi. Upande wa pili, "kumsaidia mgonjwa" sisi tunamwona mgonjwa kama kipozi wa kawaida, ilhali helfen kinadai dativi: dem Patienten helfen. Vitenzi vya namna hii si vingi. Kariri helfen (saidia), danken (shukuru), antworten (jibu), folgen (fuata), gehören (kuwa mali ya), gefallen (pendeza), schmecken (kuwa na ladha kwa mtu), fehlen (kukosekana), na utakuwa umefunika sehemu kubwa ya mazungumzo ya kila siku.

Kitenzi sein (kuwa) kina nominativi pande zote mbili. Er ist ein guter Pfleger, si "einen guten Pfleger". Anayekuwa muuguzi hajamfanya muuguzi kitu chochote.

Genitivi ni -a unganifu yetu, ila inafungwa upande wa pili. Sisi tunasema "kitabu cha mwalimu", na cha inamtazama kitabu. Wao wanasema das Buch des Lehrers, na des inamtazama mwalimu. Rudia hilo mara mbili, kwa sababu kila mwaka napata mwanafunzi anayepatanisha des na kitabu.

Halafu kuna vihusishi, ambavyo havijali nani katenda nini. Vyenyewe vinatoa amri. Durch, für, gegen, ohne, um: akusativi daima. Aus, außer, bei, mit, nach, seit, von, zu: dativi daima. Wegen, trotz na während katika maandishi huchukua genitivi. Orodha ya dativi iimbe unapoosha vyombo, ndiyo itakayokulisha.

Vihusishi tisa vina nyuso mbili: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen. Hapa ndipo -ni yetu inapotuficha. "Naweka dawa mezani" na "dawa iko mezani" zina mezani ile ile. Mjerumani anatenganisha: kitu kikielekea mahali, akusativi, auf den Tisch, kikiwa kimetulia mahali, dativi, auf dem Tisch. Jiulize "wapi?" ya kwenda (wohin) au "wapi?" ya kukaa (wo).

Hatua ya 3: Artikeli kumi na sita

Mpangilio ni nominativi, akusativi, dativi, genitivi:

Kiume: der – den – dem – des
Kike: die – die – der – der
Kati: das – das – dem – des
Wingi: die – die – den – der

Hizi ndizo alama zenyewe, na herufi ya mwisho ndiyo yenye thamani: r, n, m, s kwa kiume, e, e, r, r kwa kike, s, s, m, s kwa kati, e, e, n, r kwa wingi. Tazama kwamba akusativi inamgusa mwanamume peke yake. Kike, kati na wingi hawajui tofauti ya nominativi na akusativi.

Kuna jioni mwanafunzi mmoja alinyanyua mkono, kitabu kimefunguka mbele yake. "Mwalimu, hapa wamekosea kuchapa. Mama si ni die? Sasa hii der Mutter imetoka wapi?" Sentensi ilikuwa Ich helfe der Mutter. Darasa lilimuunga mkono, na nilielewa kwa nini: walikuwa wamejifunza der kama "dume", basi. Der si dume. Der ni r tu, na r inakaa sehemu tofauti: nominativi ya kiume, dativi na genitivi ya kike, genitivi ya wingi. Ni kama ki- yetu ambayo leo ni ngeli ya kiti, kesho ni udogo wa kitoto, keshokutwa ni namna, kizungu. Tangu siku hiyo sifundishi artikeli neno moja moja. Nafundisha mstari mzima, kwa sauti, kama aya ya kukariri madrasa.

Ein, kein, na vimilikishi (mein, dein, sein, ihr, unser, euer) vinafuata miisho hiyo hiyo: einen, einem, eines, einer. Isipokuwa sehemu tatu ambapo ein anasimama mikono mitupu: nominativi ya kiume (ein Mann), nominativi ya kati (ein Kind), akusativi ya kati (ein Kind). Weka alama ya kalamu nyekundu kwenye sehemu hizo tatu, tutazirudia.

Vifupi kama im (in dem), am (an dem), zum (zu dem), zur (zu der), beim (bei dem) na vom (von dem) vimemeza artikeli, lakini alama bado inaonekana mwishoni. Ile m ya im ni m ya dem.

Hatua ya 4: Nomino yenyewe inabadilika kidogo sana

Nomino ya kike katika umoja haibadiliki kamwe. Kiume na kati huongeza -s au -es kwenye genitivi: des Lehrers, des Kindes, des Krankenhauses. Wingi kwenye dativi huongeza -n: die Kinder, mit den Kindern. Kama wingi tayari unaishia na -n au -s, haiongezwi kitu: mit den Frauen, mit den Autos. Basi.

Lipo kundi dogo la nomino za kiume linalovaa -n au -en kila mahali isipokuwa nominativi ya umoja. Wengi wao ni watu: der Patient, der Student, der Kollege, der Junge, der Kunde, der Nachbar, der Mensch, der Herr. Ukimwona mgonjwa kama kiima, ni der Patient. Ukimfanyia jambo lolote, kumwita, kumpa, kumwosha, anakuwa den Patienten au dem Patienten. Kwa muuguzi huyu ndiye mtu wa kila saa, kwa hiyo mjue vizuri kuliko yeyote. Herr ana umbo lake: Herrn katika umoja, Herren katika wingi. Ndiyo maana kwenye bahasha unaona "Herrn" kabla ya jina la mwanamume: barua inakwenda kwa fulani.

Hatua ya 5: Kivumishi, na swali lake

Kwanza angalia kivumishi kimekaa wapi. Kikija baada ya sein, werden au bleiben, hakivai chochote: Das Bett ist neu, die Betten sind neu. Hapa Kijerumani ni chepesi kuliko Kiswahili, maana sisi hata hapo tunapatanisha, kitanda ni kipya, vitanda ni vipya.

Kikija kabla ya nomino, uliza: nani kabeba alama?

*Artikeli imeibeba.* Hii ni pamoja na der na ndugu zake dieser, jeder, welcher, alle, na pia ein, kein na mein pale zinapokuwa na mwisho (einem, keine, meinen). Kivumishi kinavaa -e au -en, hakuna cha tatu. Namna ya kuchagua: dativi, -en. Genitivi, -en. Wingi wowote, -en. Akusativi ya kiume, -en. Zinabaki sehemu tano, na hizo ni -e: nominativi ya jinsia zote tatu, na akusativi ya kike na ya kati.

der alte Patient, den alten Patienten, dem alten Patienten
die neue Kollegin, mit der neuen Kollegin
das saubere Handtuch, auf dem sauberen Handtuch
die neuen Betten, meine neuen Bücher

Kati ya sehemu kumi na sita, kumi na moja ni -en. Kwa hiyo ukikwama mdomoni mbele ya mtu, na artikeli umeshaitamka, sema -en uendelee. Si ushauri wa kitaaluma, lakini umewaokoa wengi.

*Ein hana kitu.* Zile sehemu tatu za kalamu nyekundu. Artikeli haikubeba, basi kivumishi kinainama na kubeba yenyewe: ein alter Patient (r ya der), ein sauberes Handtuch (s ya das). Kwenye dativi ein anakuwa einem, alama imebebwa, na kivumishi kinarudi kwenye -en: mit einem sauberen Handtuch.

Rudi sasa kwenye sentensi yetu. Dem: m imebebwa, dativi, basi alten. Patienten: kundi la -en. Ein mbele ya Handtuch: mikono mitupu, taulo ni das, akusativi, s haijabebwa na mtu, basi sauberes.

*Hakuna artikeli kabisa.* Kivumishi kinabeba alama yote, kwa miisho ile ile ya der, die, das. Sehemu moja tu inavunja mpango: genitivi ya kiume na ya kati, ambako nomino yenyewe ina -s, kwa hiyo kivumishi kinatulia na -en: trotz schlechten Wetters, licha ya hali mbaya ya hewa. Ukiangalia vizuri hata hapo kanuni haijavunjika, maana alama ya s imebebwa, ila na nomino.

Namba, na maneno viele, wenige, einige na mehrere, hayahesabiwi kama artikeli. Kivumishi kinachofuata hubeba alama pamoja nayo: zwei neue Patienten, viele neue Patienten. Lakini alle neuen Patienten, kwa sababu alle ni wa ukoo wa der. Tofauti ya viele na alle huwapotosha hata wanaojiona wameshafika.

Vivumishi vikiwa viwili au vitatu mfululizo, vyote vinavaa sawasawa: ein kleines sauberes Zimmer, mit einem kleinen sauberen Zimmer. Hapa, kwa mara moja, wanagawa kama sisi.

Hatua ya 6: Nenda kwenye rafu ya duka

Jedwali la hali ya "hakuna artikeli" usilikariri kwenye karatasi. Liko kwenye vifungashio. Ingia duka lolote la chakula Ujerumani, au tafuta picha za bidhaa zao, usome: Schwarzer Tee. Frische Vollmilch. Natürliches Mineralwasser. Passierte Tomaten. Chai ni der, maziwa ni die, maji ni das, nyanya ziko wingi. Na miisho minne ya nominativi imekaa kwenye rafu, -er, -e, -es, -e. Anza kunywa, uhamie akusativi: Ich trinke schwarzen Tee, frische Milch, natürliches Mineralwasser. Weka mit, uhamie dativi: mit schwarzem Tee, mit frischer Milch, mit natürlichem Mineralwasser, mit passierten Tomaten.

Salamu pia. Guten Morgen ina -en kwa sababu ni kifupi cha "nakutakia asubuhi njema", akusativi ya kiume. Gute Nacht ni ya kike. Schönes Wochenende ni ya kati. Na lile hitimisho la barua ambalo kila mtu analinakili bila kulitazama, Mit freundlichen Grüßen: mit inaamuru dativi, salamu ziko wingi, hakuna artikeli, kivumishi kinabeba -en ya den, nomino inaongeza -n yake ya dativi wingi. Umekuwa ukiandika hatua tano za mwongozo huu kila ulipotuma maombi ya kazi.

Kitu ninachokipenda zaidi ni majina ya taasisi, kwa sababu yanabadilika mbele ya macho yako. Chama cha Msalaba Mwekundu kinaandika kwenye bango lake Deutsches Rotes Kreuz. Hakuna artikeli, Kreuz ni das, vivumishi vyote viwili vimebeba s. Kwenye habari utasikia das Deutsche Rote Kreuz: artikeli imekuja, s zimevuliwa. Mtu akifanya kazi huko, anasema beim Deutschen Roten Kreuz. Shirikisho la soka ni hivyo hivyo: Deutscher Fußball-Bund kwenye nembo, der Deutsche Fußball-Bund kwenye gazeti, beim Deutschen Fußball-Bund ukiajiriwa. Ukiweza kueleza mageuzi hayo matatu bila kusita, umemaliza kazi ngumu.

Vivumishi vyenye tabia zao

Hoch hupoteza c: ein hohes Bett. Dunkel na teuer hupoteza e ya ndani: ein dunkles Zimmer, ein teures Zimmer. Vivumishi vya miji huishia -er na haviguswi: Berliner, Hamburger, Münchner. Lila na rosa, rangi zilizotoka nje, kwa kawaida hazivai kitu: ein rosa Kleid. Sisi tunao wa aina hiyo wengi: safi, ghali, hodari, rahisi, wageni walioingia na nguo zao na hawajakubali viambishi vyetu.

Kuna pia vivumishi vilivyogeuka nomino lakini havikuacha tabia za zamani. Mgonjwa (kwa maana ya mtu aliye mgonjwa) ni der Kranke, lakini ein Kranker. Wengi ni die Kranken, lakini zwei Kranke. Mjerumani ni der Deutsche, ein Deutscher, die Deutschen. Vivyo hivyo Verwandte (ndugu wa ukoo), Bekannte (mtu unayefahamiana naye) na Angestellte (mwajiriwa). Wewe ukiwa ein Tansanier au ein Kenianer, huna matatizo haya. Ni nomino za kawaida. Katika Ulaya nzima, Mjerumani mwenyewe ndiye jina lake linalosumbua.

Jaribu mwenyewe

Jaza mapengo kabla ya kusoma majibu. Pengine pengo halihitaji kitu.

1. Die neu__ Ärztin spricht mit ein__ jung__ Patientin.
2. Ich suche ein__ klein__ Zimmer in d__ Nähe d__ Krankenhaus__.
3. Wir haben heute kein__ warm__ Wasser.
4. Im Schrank liegen zwei sauber__ Handtücher, aber all__ neu__ Decken sind weg.
5. Mein älter__ Bruder arbeitet seit ein__ halb__ Jahr bei__ Deutsch__ Rot__ Kreuz.

Ya kwanza: neue, einer, jungen. Mit imeamuru dativi, einer ikabeba r.

Ya pili: ein bila kitu, kleines, der, des, Krankenhauses. Zimmer ni das, akusativi, ein mikono mitupu. Nähe ni ya kike. Mtu yuko, haelekei, basi dativi. Na des inamtazama hospitali.

Ya tatu: kein bila kitu, warmes. Wengi huandika "kein warme". S ya das ilikuwa haijabebwa.

Ya nne: saubere, alle, neuen. Zwei si artikeli, alle ni artikeli.

Ya tano: älterer, einem, halben, beim, Deutschen, Roten. Mein mbele ya Bruder hana mwisho, kwa hiyo r imekwenda kwa kaka mkubwa. Seit na bei zote ni za dativi, na m zimekaa kwenye einem na beim. Kama uliandika "Deutsches Rotes" hapo mwisho, ulinakili bango la mlangoni ukasahau kwamba beim ameshaingia ndani.